Mawe ya Kitale, Ngome ya Chetambe, na Sisi Watu wa Pwani

Tangu serikali za kaunti ziliposhika kazi mwaka 2013, kila kaunti imo mbioni kutafuta kitu cha kumwonyesha mgeni. Sisi wa pwani hatuna taabu hiyo. Fort Jesus, magofu ya Gede na mji wa kale wa Lamu vilikuwa vikizuriwa na watu wa mbali zamani sana, kabla neno ugatuzi halijatufikia masikioni. Wenzetu wa Trans Nzoia na Bungoma hawakubahatika hivyo. Nchi yao imejulikana kwa mahindi na miwa, si kwa magofu. Sasa nao wauliza: je, sisi tuna nini? Naam, wanayo mengi. Na baadhi ya hayo waliyo nayo ni yetu pia, yakiwa mema au maovu, hivyo namna yatakavyoandikwa kwenye vibao si shauri la watu wa kule peke yao.

Najua msomaji wa Mvita au wa Lamu ataguna. Kitale ni mbali, baridi yake ya alfajiri yataka koti, na kanzu nyepesi haifai kitu. Nilipokwenda, msafiri mwenzangu alinitania kwamba mtu wa pwani hafiki Kitale ila kwa kutafuta magunia ya mahindi. Mimi sikurudi na gunia hata moja; nimerudi na maswali.

Ziara yenyewe yatosha siku moja kwa mtu aamkaye mapema. Asubuhi yaanza Kitale mjini, penye jumba la makumbusho. Aliyelianzisha ni Kanali Hugh Stoneham, askari wa Kiingereza aliyependa kukusanya vipepeo, ndege, wanyama waliokaushwa na vitabu, akavifungulia makumbusho yake katika miaka ya 1920. Alipofariki mwaka 1966 mali hiyo ikaingia mikononi mwa taifa, na mwaka 1974 likafunguliwa jumba la serikali, la kwanza la namna yake huko bara nje ya Nairobi. Si jumba la kubezwa. Vipepeo wa Kanali wamepigwa pini wakapangwa safu kwa safu, na nje pana nyumba zilizojengwa kwa mitindo ya makabila ya magharibi, na njia ya miguu ipitayo ndani ya msitu mdogo. Watoto wa shule hujaa humo kwa makundi. Ukitaka kujua kipepeo gani huruka Mlima Elgon, hapo ndipo pake. Ukitaka kujua nchi hii ilivyotoka mikononi mwa wenyewe ikaingia mikononi mwa masetla, itakubidi uende kuuliza mahala pengine.

Mahala pengine penyewe si mbali. Mbele ya klabu ya zamani ya masetla, penye uwanja wa gofu, pana mawe yaliyopangwa duara. Vitabu vya watalii, vya Kizungu aghalabu, vyasema kwamba Kitale palikuwa kituo kwenye njia ya watumwa itokayo Uganda mpaka Bagamoyo, na kwamba ndani ya duara hilo watumwa walilazwa usiku. Kitabu kimoja hunakili kwa kingine, nacho chanukuliwa na cha tatu, mpaka uvumi umekuwa tarikh. Mtu wa pwani akiyasoma hayo huinamisha kichwa, kwani ajua ni babu za nani wanaosemwa.

Mimi nasema tusiinamishe kichwa mapema, wala tusikiinue mapema. Tutazame ramani kwanza. Njia ya Bagamoyo ilikwenda Tabora. Kutoka Tabora tawi moja lilishika Ujiji, na jingine likapanda Karagwe na kuingia Buganda, yaani upande wa magharibi ya ziwa. Mtu atokaye Buganda kwenda Bagamoyo akapitia Kitale ni kama mtu atokaye Mombasa kwenda Malindi akapitia Voi. Misafara iliyofika nchi za Nzoia na Elgon ilitoka Pangani, Tanga na Mombasa, ikipita nchi ya Wamasai na Baringo. Na mali iliyotafutwa zaidi kwa njia hiyo ilikuwa pembe za ndovu. Joseph Thomson, yule Mskochi, alipopita mwaka 1883, hakuwa mtangulizi kama tulivyosomeshwa. Alishikamana na msafara wa Jumbe Kimameta wa Pangani, mfanyi biashara aliyezijua njia hizo kabla yake. Soko la watumwa la Unguja lilikuwa limefungwa tangu mwaka 1873, kwa mkataba wa Seyyid Barghash na Waingereza.

Tena kuna jambo jingine. Katika nyanda hizo za juu, tangu Trans Nzoia mpaka Uasin Gishu na zaidi, pametapakaa mashimo na kuta za mawe za watu wa kale wanaoitwa Wasirikwa, wafugaji waliokaa huko karne nyingi kabla ya msafara wowote wa pwani. Mtaalamu wa mambo ya kale John Sutton alichapisha kitabu kizima juu ya nyanda hizo mwaka 1973. Basi nani ajuaye kama mawe ya Kitale si ya ukoo huo? Sisemi kwamba ndivyo. Nasema jembe la mtaalamu laweza kutoa ushahidi ambao kitabu cha mtalii hakiwezi kuutoa. Na tazama mahala penyewe palipokaa hadithi hii. Mnyororo wa Mwarabu umetundikwa mlangoni pa klabu ya setla. Aingiaye hushughulika na ule mnyororo, asiulize ardhi ya uwanja wa gofu ilipatikana vipi.

Walakini tusijitie hamnazo. Mtu akisema kwamba mawe yale huenda si gereza la watumwa, hakusema kwamba utumwa haukuwako. Misafara ya Pangani na Mombasa ilikwenda na bunduki, na wazee wa Kibukusu wamehifadhi habari za mapigano baina yao na watu wa misafara. Mashamba ya Malindi na Takaungu hayakulimwa na malaika. Hadhi ya utumwa haikufutwa kisheria katika pwani ya Kenya mpaka mwaka 1907, na kufikia hapo walikuwako waungwana wa kwetu waliodai fidia. Sote tuliosoma chuoni tumepita juu ya Surat al-Balad, iliyokutaja kumwacha huru mtumwa kuwa ndiko kuupanda mlima wenyewe, na wengi wa babu zetu waliisoma kwa sauti nzuri kisha wakabaki chini bondeni. Mgala muue na haki umpe, twasema. Na methali yenyewe, ukiisikiliza vizuri, yaonyesha jinsi tulivyowatazama watu wa bara. Kwa hiyo kibao cha Kitale chataka kalamu ya mtu asiye na haja ya kumsingizia mtu wala kumficha mtu.

Saa nne tukaliacha Kitale, tukashika barabara ya Webuye. Unapita Kiminini, kisha Kamukuywa, Misikhu na Lugulu, mahindi kulia na mahindi kushoto. Mlima Elgon umelala upande wa magharibi kama ngamia aliyepiga magoti. Karibu na Lugulu, juu ya ukingo wa kilima kinachoutazama mji wa Webuye, ndipo palipo Chetambe.

Chetambe ni jina la mtu wa Kitachoni, na ngome ilikuwa ya udongo, yenye ukuta na handaki, kama walivyozoea kujenga watu wa huko kujikinga na maadui na wezi wa ng'ombe. Usitarajie kuona mawe ya matumbawe na minara kama ya Mreno. Mwenye macho ya kuzoea majumba makubwa aweza kupita asijue amepita. Ukisimama juu, waiona Webuye yote chini, mto Nzoia ukiporomoka kwenye maporomoko ya Nabuyole, ambayo Wazungu waliyaita ya Broderick, na dohani za kiwanda cha karatasi cha Pan Paper, kile kilichofungwa mwaka 2009 kikaacha maelfu ya watu wakihangaika. Ni mahala pazuri mno. Na ni mahala palipokufa watu wengi kwa siku chache.

Kisa chake ni hiki, kwa ufupi. Nchi hiyo mwaka 1895 ilihesabiwa kuwa sehemu ya Uganda, na Mwingereza alikuwa na kituo chake kwa Mumia, mfalme wa Wanga, mahala ambapo watu wa misafara walipaita Kwa Sundu kwa jina la baba yake. Askari watoro wa kituo hicho waliwauzia Wabukusu bunduki. Kikosi kikatumwa kuzirudisha, kikauawa. Ndipo Charles Hobley, mwakilishi wa serikali pale, akakusanya jeshi la kulipiza. Wabukusu walipigwa kwanza katika ngome ya Lumboka, wakarudi nyuma wakajikusanya Chetambe pamoja na Watachoni, na Chetambe nayo ikavunjwa kwa mzinga na bunduki. Waliouawa ni wengi, wanawake na watoto walichukuliwa mateka, ng'ombe wakaswagwa. Wazungu wenyewe walikuwa wachache wa kuhesabika kwa vidole. Je, jeshi lilikuwa la nani?

Hapa msomaji Mwislamu anipe sikio vizuri. Askari wa mstari wa mbele walikuwa Wasudani, hao tunaowaita Wanubi, mabaki ya jeshi la Emin Pasha walioandikwa na Lugard mwaka 1891. Walikuwa Waislamu, na wajukuu wao wangali Kibera na Bombo hivi leo. Pamoja nao walikuwako Waganda, Wamasai, na watu wa Mumia, ambaye baadaye alisilimu, na mji wake wa Mumias ukawa chimbuko la Uislamu katika magharibi ya Kenya. Kwa hivyo siku ya Chetambe aliyeswali alikuwa upande wa Mwingereza. Si kwamba walipigania dini. Walipigania mshahara, nao ulikuwa mdogo, kwa kuwa miaka miwili baadaye, mwaka 1897, Wasudani hao hao waliasi dhidi ya mabwana zao. Mumia naye alikuwa na hesabu zake na majirani zake. Haya hayatushushi wala kutupandisha. Ila mtu akiziandika habari za kuja kwa Uislamu magharibi, asianzie msikitini peke yake.

Sasa nije kwenye jambo lililonifanya nisilale Bungoma usiku ule. Mwaka ni 1895. Tarehe 1 Julai mwaka huo Waingereza walitangaza himaya yao katika nchi hii, kutoka pwani. Tarehe 17 Agosti askari wa Admirali Harry Rawson waliivunja ngome ya Mwele, huko Kwale, iliyokuwa kimbilio la Mbaruk bin Rashid, Mazrui wa Gasi, aliyekataa kutawaliwa. Katika nusu hiyo hiyo ya mwaka, Hobley alikuwa akiivunja Chetambe kwenye ncha ya pili ya nchi. Rawson hakuishia hapo. Ndiye aliyelipiga mizinga kasri la Unguja mwaka 1896, na mwaka 1897 akaiteketeza Benin. Mbaruk alivuka mpaka akaingia kwa Wajerumani mwaka 1896, akafia Dar es Salaam mwaka 1910. Na Fort Jesus yetu, ambayo leo twamwonyesha mgeni kwa fahari, ilifanywa gereza mwaka huo huo wa 1895, ikabaki gereza mpaka 1958.

Basi ngome mbili zilianguka kwa bendera moja katika miezi michache. Muulize kijana wa Msambweni habari za Chetambe, atakutazama. Muulize kijana wa Webuye habari za Mwele, atadhani ni jina la nafaka. Kila upande wajua kilio chake, na hata hicho wakijua nusu. Vitabu vya shule vimetuzoeza kwamba upinzani ulianza na hali ya hatari ya mwaka 1952, na kwamba kabla ya hapo palikuwa na vurugu za makabila tu, zilizotulizwa.

Hobley mwenyewe asingeshangaa kuyaona mambo haya yakiunganishwa, maana yeye ndiye uzi. Wakati wa vita vya Wagiriama vya mwaka 1914, vile ambavyo Kaya Fungo ililipuliwa kwa baruti, mkuu wa jimbo la pwani alikuwa nani? Ni huyo huyo Hobley, kijana wa Chetambe aliyekwisha kuota mvi. Baadaye alikaa akaandika kitabu cha kumbukumbu zake, kilichotoka mwaka 1929. Aliyevunja ndiye aliyeandika, na kwa miaka mingi wataalamu hawakuwa na budi kumnukuu.

Liko na jingine la kustaajabisha. Serikali ya kikoloni ilikuwa na tabia ya kuwabadilisha wafungwa wake, wa pwani wakapelekwa magharibi na wa magharibi wakaletwa pwani. Mekatilili wa Menza alikamatwa mwaka 1913 akahamishiwa Kisii, na alitoroka akarudi kwao kwa miguu. Elijah Masinde, mtu wa Maeni huko Kimilili, yeye aliletwa Lamu.

Kuhusu Masinde, nasema kwa tahadhari, kwa kuwa dini yake si dini yetu. Dini ya Msambwa ilikuwa ni kurudia matambiko ya mababu, na yeye alijiita nabii, jambo ambalo Mwislamu hawezi kulikubali. Lakini mwanahistoria si kadhi. Masinde katika ujana wake alikuwa mchezaji mpira aliyeiwakilisha Kenya katika Kombe la Gossage. Kisha akasimama kuwaambia Wazungu waondoke, hasa katika ardhi ya Trans Nzoia. Mwaka 1945 walimtia katika hospitali ya wenda wazimu ya Mathari. Alipotoka mwaka 1947, aliwakusanya maelfu ya watu wapi? Chetambe, kuwakumbuka waliouawa mwaka 1895. Miaka hamsini na miwili ilikuwa imepita, na watu walikuwa hawajasahau, ingawa hapakuwa na kibao wala kitabu. Mapema mwaka 1948 polisi waliwapiga risasi wafuasi wake huko Malakisi, wakaua watu, na Masinde akahamishwa. Alikaa kizuizini mbali na kwao zaidi ya miaka kumi. Serikali huru nayo iliipiga marufuku dini yake mwaka 1968, na yeye akafariki mwaka 1987.

Bungoma mjini hapana mengi ya kale ya kutazama, nami sitajifanya yapo. Ni mji wa reli na wa soko, wenye shughuli nyingi. Mtu azuruye hupata faida zaidi akielekea Maeni kabla jua halijatua.

Turudi kwenye shauri lenyewe. Katiba ya mwaka 2010 imegawa kazi. Mahala pa kale penye umuhimu wa kitaifa ni juu ya serikali kuu. Makumbusho na mambo ya utamaduni ya kaunti ni juu ya kaunti. Sheria ya makumbusho na turathi ya mwaka 2006 imeweka njia ya mahala kutangazwa rasmi na kulindwa. Kwenye karatasi hakuna pengo. Kwenye kilima pengo lipo, nalo ni katika yale maneno mawili, umuhimu wa kitaifa. Chetambe ikitazamwa peke yake, afisa wa Nairobi ataona jambo la Wabukusu na Watachoni, aiachie Bungoma. Mwele ikitazamwa peke yake, ataona ugomvi wa Wamazrui, aiachie Kwale. Zikiwekwa pamoja juu ya meza moja, hakuna awezaye kusema si za kitaifa, kwani hizo mbili ndizo hati ya kuzaliwa kwa nchi hii, iliyoandikwa kwa damu ncha mbili.

Kaunti zina haraka ya wageni, na haraka hupenda hadithi fupi. Mwekezaji akija kesho na mpango wa hoteli, ataambiwa habari ya minyororo na duara la mawe, kwa sababu yafaa kupigiwa picha. Habari ya askari wa Kinubi, ya Mumia na hesabu zake, ya Hobley aliyehamia Mombasa, haiingii kwenye kibao cha mbao. Lakini jumba la Kitale na Fort Jesus ni vya shirika moja, Makumbusho ya Taifa. Kupeleka ramani na picha za Mwele Kitale, na za Chetambe Fort Jesus, hakuhitaji sheria mpya. Kwataka barua na nauli ya lori. Na yale mawe ya duara yataka mtaalamu wa kuchimba kabla hayajapata mchoraji wa kibao.

Kwa upande wetu iko kazi moja ambayo Nairobi haiwezi kutufanyia. Mtoto wa Lamu aliyekuwa na miaka kumi mwaka 1950, leo yuko katikati ya miaka ya themanini. Aliyemwona Masinde akiwa kizuizini, akajua alikaa nyumba gani, alinunua wapi, alizungumza na nani na kwa Kiswahili cha namna gani, aseme sasa, na mjukuu wake aandike.